Jinsi ya Kuipamba Cessna Hadi Isijitambue

Hongera kwa kununua ndege. Si mpya, maana mpya bei yake huulizwa na watu wasiouliza bei. Umenunua Cessna 172N ya mwishoni mwa miaka ya sabini: viti vinne, injini ya nguvu farasi 160, rangi iliyochujuka kama kanga ya jikoni. Cessna 172 zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu mwaka 1956, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyoufikia wingi huo. Inapaa taratibu, inatua taratibu, inamsamehe mwanafunzi, na haina cha kumtambia mtu. Tatizo lako linaanzia hapo hapo. Huwezi kukiegesha kitu cha namna hiyo kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, au wa Arusha, katikati ya ndege za watalii zenye matairi mithili ya trekta, kisha uende kantini kunywa chai kama mwenye ndege.

Itabidi ipambwe. Tutaipamba kama bi arusi wa pwani: hina, asumini, dhahabu, udi, mpaka mama mzazi aulize huyu ni wa nani. Na usiogope mkono wa sheria. Kila pambo tutakalolivisha litakuwa na cheti chake halali, chenye namba na sahihi.

Uelewe kwanza vyeti hivyo vinavyopatikana. Cessna ilipoibuni ndege hii, iliithibitishia FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwamba ndege iliyojengwa hivi, yenye uzito huu, inaruka hivi. Ikapewa cheti cha aina. Mtu mwingine akitaka kuuza kitu kinachoibadilisha ndege hiyo kwa kiasi kikubwa, naye huenda FAA kuthibitisha badiliko lake, kisha hupewa cheti cha nyongeza, ambacho mafundi wa dunia nzima hukiita STC. Ziko STC za mabawa, za injini, za matairi, za matangi, za taa, za mkanda wa kiti. Mwenye STC alichukua ndege moja, mara nyingi ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, akaifungia kitu chake, akairusha, akaandika alichokiona. Mwenye STC ya pili alifanya vivyo hivyo kwa ndege nyingine, mji mwingine, mwaka mwingine. Wa tatu pia. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini manahodha wao angalau walikuwa ndani ya chombo kimoja na waliweza kugombana. Hawa wako sita, hawajawahi kuonana, na kila mmoja anaapa kwamba chombo kilikuwa kitupu alipopanda yeye.

Kwenye STC nyingi kuna sharti dogo, limeandikwa kwa unyenyekevu: anayefunga ndiye atakayehakikisha kwamba badiliko hili linapatana na mabadiliko mengine yaliyokwisha kufanywa kwenye ndege. FAA ina hata waraka wa ushauri unaohusu jambo hilo tu. Sharti hilo usilisome kwa sauti mbele ya fundi.

Hatua ya kwanza ni bawa, kwa kuwa bawa ndilo linaloonekana na watu walioko kantini. Anza na kofia ya ukingo wa mbele, bati lililopindwa linalovishwa bawa ili pua yake iwe nene na iiname kidogo. Kwa kofia hiyo hewa hung'ang'ania mgongo wa bawa muda mrefu zaidi, na ndege inaweza kwenda polepole zaidi kabla ya kufika pale marubani wanapopaita stoli, yaani pale bawa linapoinuka mno, hewa inabanduka mgongoni, na kilichokuwa kinaruka kinaanza kudondoka. Kitabu cha 172N kinasema kwamba ndege ikijaa na flapu, vile vibawa vya nyuma vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa juu, stoli huja kwenye noti 50, kama kilomita 93 kwa saa. Tuseme muuzaji wa kofia ameahidi kukupunguzia noti sita. Lipa.

Kisha ongeza vijipezi. Hivi ni vibati vidogo, vingi, vinavyobandikwa mstari mmoja mgongoni mwa bawa ili kuikoroga hewa isibanduke upesi. Muuzaji wa vijipezi amepima kwa uangalifu mkubwa umbali wa kila kijipezi kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Ukingo upi? Ule wa kiwandani, bila shaka, ambao wewe umekwisha kuuvisha kofia. Upime kutoka ukingo mpya au kutoka ule uliofukiwa? Yeye hakusema, kwa sababu hakujua kwamba upo. Weka rula palipo karibu na mkono.

Vijipezi vimeahidi noti nne nyingine. Sita na nne ni kumi, kwa hiyo umeondoka noti 50 na umefika noti 40. Hewa huwa haiipokei hesabu hiyo, maana kazi ambayo kofia imekwisha kuifanya haifanywi tena na vijipezi ili ilipwe mara ya pili. Lakini tuseme umebahatika, na hesabu imekubali. Hapo ndipo penye utamu, na nitakuomba uvute kiti.

Kitabu chako kina kasi nyingine, noti 97, iitwayo kasi ya kuchezea: chini ya hapo, hata upepo ukikushtua au ukivuta usukani kwa hofu, bawa halitavunjika. Kwa nini 97? Kwa sababu ndege hii imejengwa kubeba mara 3.8 ya uzito wake, na mzizi wa 3.8 ni 1.95, na 1.95 mara 50 ni 97. Ni hivyo tu. Ukiwa kwenye noti 97 ukavuta kwa nguvu zako zote, bawa litafika kwenye stoli hasa pale linapofika kwenye mara 3.8, litatema hewa, na mzigo utaanguka wenyewe. Stoli, ile uliyolipa pesa nyingi kuisukuma mbali, ilikuwa fyuzi ya bawa.

Sasa stoli yako ni noti 40. Gawanya 97 kwa 40, kisha kipeo cha pili: karibu mara 5.9. Bawa lako haliachii tena kwenye 3.8. Linashika, linashika, na linaendelea kubeba kwa uaminifu mkubwa mpaka 5.9. Wahandisi huacha akiba ya nusu juu ya kikomo kabla ya kitu kuvunjika, na 3.8 mara moja na nusu ni 5.7. Umetoa fyuzi ukaweka msumari, kama tunavyofanya kwenye redio za nyumbani, na saa ya spidi bado inaonyesha 97 ileile. Kila muuzaji peke yake yuko salama: mwenye noti 44 anakufikisha karibu 4.9, ameuona mzigo huo, ana ya kujieleza. Mwenye hesabu ya 5.9 ni wewe, na wewe huna cheti.

Kabla sijasahau, filimbi. Cessna 172 ina tundu dogo kwenye ukingo wa bawa la kushoto. Ukikaribia stoli hewa inafyonzwa pale na filimbi inalia. Ukivisha kofia lazima filimbi ihamishwe na ipimwe upya. Ukiongeza vijipezi baadaye, ipimwe tena. Ukiacha ilivyo, huenda ikalia tangu unapoanza kushuka mpaka unapogusa ardhi, na katika muda wa wiki mbili utakuwa umeizoea, kama mtaa unavyozoea king'ora cha gari la jirani. Faida yake ni kwamba siku itakapolia kwa haki hutashtuka.

Ncha za mabawa nazo ziongeze urefu. Hapa sitakawia. Mbeba mzegazega anajua kwamba ndoo ileile inauma bega zaidi kadiri unavyoisogeza kuelekea ncha ya mti. Na bawa la 172 nalo lina bega, pale mhimili wa chini unapolishika. Aliyepima urefu wa ncha alipima kwa hewa ya bawa la kawaida. Wewe una kofia na vijipezi vinavyovuta zaidi, tena vinavuta mpaka nchani.

Rangi! Ndege iliyochujuka haipendezi, basi ipige rangi mpya, tabaka tatu juu ya zile za zamani. Kitu ambacho fundi wa rangi wa gari hakijui ni kwamba eileroni, vile vibawa vya kulaza ndege, vimewekewa risasi ya kusawazisha, na baada ya rangi lazima vitolewe na kusawazishwa upya. Visiposawazishwa, mwendo ukiongezeka vinaweza kuanza kupepesuka, na bawa likavifuata. Mafundi wanaita flata. Umewahi kuendesha gari ambalo matairi hayakubalansiwa, likifika kilomita 80 usukani unatetemeka mikononi? Ni jamaa ya hiyo, ila gari unaweza kulipeleka kando ya barabara. Flata ikija na nguvu haingoji. Na kasi ya flata inategemea uzito ulioko nchani, ugumu wa bawa, na mizani ya eileroni, yaani vitu vitatu ambavyo umevigusa vyote kwa mikono mitatu tofauti: mwenye ncha, mwenye kofia, na mwenye brashi.

Sasa injini, na hapa unaweza kufanya hatua mbili tatu siku moja.

Nguvu farasi 160 ni chache, hasa Wilson, ambako uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo imepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kabla hujawasha. Kilio chako ni cha haki kabisa. Ziko seti za kukupa Lycoming ya nguvu farasi 180, na baadhi huja na zawadi: uzito wa juu wa ndege unapanda kutoka kilo 1,043 hadi kilo 1,157. Sharti lake ni flapu zisishuke zaidi ya nyuzi 30, wakati 172N ya kiwandani hushuka mpaka 40. Soma sharti hilo polepole, kwa sababu kijitabu kilichokuja na mapambo ya mabawa kinaweza kuwa kimekupangia kutua kwa noti chache kabisa ukiwa na flapu nyuzi 40. Karatasi moja inakukataza kitu ambacho nyingine inakitegemea, na zote mbili zina muhuri.

Kwa injini mpya funga rafadha mpya. Rafadha na mhimili wa injini ni kama mtwangio na kinu: kila pigo la pistoni linafika kwenye ncha ya rafadha, na kuna mapigo ambayo rafadha hailali nayo. Kwa baadhi ya rafadha za Hartzell zilizofungwa kwenye O-360, ndiyo hiyo Lycoming ya 180, rubani anakatazwa kukaa kati ya mizunguko 2,000 na 2,250 kwa dakika, kwa sababu ya mtetemo. Namba hizo zilipatikana kwa kubandika vipimo kwenye rafadha halisi iliyokuwa ikizungushwa na injini halisi. Sasa mwambie fundi aondoe magneto moja aweke mfumo wa kuwasha wa kielektroniki, ambao una STC yake. Kisha weka pistoni za mgandamizo mkubwa, ambazo nazo zina yake. Mpigo wa injini umebadilika. Pale pa hatari panaweza kuwa pamehamia kwenye 2,400, ambapo ndipo unaposafiria njia nzima kutoka Nairobi kwenda Malindi. Hartzell wenyewe wametahadharisha juu ya mabadiliko ya namna hii. Mstari mwekundu kwenye saa yako, hata hivyo, umechorwa kwa rangi nzuri na haujahama.

Ukitaka kubana matumizi, ongeza STC ya petroli ya gari. Historia yake ni ya heshima: chama cha EAA cha Marekani kilipata cha kwanza mwaka 1982, kwa Cessna 150, baada ya kuirusha kwa muda mrefu. Cheti hicho kinahusu injini za mgandamizo mdogo na petroli isiyo na ethanoli. Pistoni zako mpya ni za mgandamizo mkubwa. Usijisumbue, injini itakueleza yenyewe, kwa mlio kama wa kokoto ndani ya debe, ikiwa utausikia kwa kelele ya rafadha.

Kisha panda kama unavyopanda sasa, pua juu, polepole, maana mabawa yanaruhusu. Injini kubwa zaidi inatoa joto zaidi, na inapozwa na upepo unaoingia puani, na upepo huo huletwa na mwendo, na mwendo ndio uliolipa pesa uupunguze. Mwenye bawa hakuwahi kuiona injini yako. Mwenye injini aliipima ikipanda kwa kasi ya kitabu.

Matairi tuyapite upesi. Tairi la kiwandani lina kipenyo cha inchi 17 na nusu hivi. Ukifunga lile pana la inchi 22 utapendeza sana kwenye nyasi za Mara, ila breki ni zilezile, na breki ileile ikishika gurudumu refu zaidi hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya kusimamisha. Hayo kabla ya zile kilo 114 ulizopewa zawadi. Uwanja haukurefushwa.

Ndani ya chumba cha rubani ng'oa zile saa zinazoendeshwa kwa pampu ya hewa, weka vioo vya kielektroniki. Vinapendeza kwa picha. Zamani umeme ukizimika pampu iliendelea kukuambia juu ni wapi. Sasa kioo cha kwanza na cha pili vinanywa kutoka altaneta moja, pamoja na taa mpya, na soketi za kuchajia simu za abiria watatu, na friji ndogo ambayo sikusema. Unayo betri ya akiba, ndiyo, iliyohesabiwa na muuzaji wa kioo cha kwanza kwa ajili ya kioo cha kwanza. Baadhi ya taa za LED pia huleta mnong'ono kwenye redio. Ukiwasha taa ya kutulia ukapoteza sauti ya mnara, zima taa. Dira nayo ipimwe upya kila kitu cha chuma au cha umeme kinapohamia jirani yake, ingawa najua hutaipima, maana una vioo.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni karatasi ya uzito. Kila fundi aliyefunga kitu aliongeza mstari kwenye karatasi: kilo mbili, kilo tisa, nusu kilo, "hakuna badiliko la maana". Ndege yenye mapambo kumi yasiyo na badiliko la maana inaweza kuwa imenenepa kuliko mtu anayekaa kiti cha nyuma. Dawa ya kisasa ni kuipandisha ndege kwenye mizani, magurudumu matatu, na kusoma. Usifanye hivyo. Nimeona nyuso za wenye ndege siku ya mizani, na sitaki ikukute. Ukiendelea na hesabu ya karatasi, kitovu cha uzito kitabaki palepale kalamu inapokiweka.

Sasa tuje kwenye vitabu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila STC inayobadilisha urukaji inakuja na nyongeza ya kitabu cha rubani, ambayo lazima iwemo ndani ya ndege. Una nyongeza ya kofia, ya vijipezi, ya ncha, ya injini, ya rafadha, ya petroli, ya vioo. Ukurasa wa uwezo wa ndege katika nyongeza nyingi una sentensi moja: uwezo ni uleule au bora kidogo. Na mwisho husema kwamba kwa jambo lolote ambalo halimo humu, rejea kitabu cha asili. Nyongeza saba, zote zinakuelekeza kwenye kitabu cha ndege ambayo haipo tena. Kitabu hicho cha asili kihifadhi vizuri hangani, hakifai kuzurura.

Kinachobaki ni sahihi, na hapo lazima uchague fundi kwa makini. Muepuke yule mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Utamwendea na boksi lako jipya, naye hataligusa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hilo bawa lina nini tayari?"

"Fundi, hiki kina STC, angalia, muhuri huu hapa."

"Muhuri nimeuona. Nimeuliza bawa."

Kisha atataka orodha ya kila kilichowahi kufungwa tangu ndege ilipozaliwa. Atafungua vitabu vya kumbukumbu mpaka vile vyenye ukurasa uliogandamana kwa chai ya mtu aliyestaafu. Atakuambia umwandikie mwenye STC barua, umuulize kama amewahi kuijaribu seti yake pamoja na ile nyingine, na jibu liwe la maandishi. Jibu likiwa hapana, atataka mhandisi mwenye mamlaka aikokotoe ndege kama kitu kimoja. Atataka mizani. Mtu huyu atakuchelewesha miezi, na vitu viwili vitabaki kwenye maboksi yao. Nasikia wapo hata Marekani watu wa tabia hiyo: wanaoichukua Cessna 182, wakaiwekea vibawa puani, mabawa marefu na injini kubwa, wakaijaribu yote kwa pamoja kama ndege moja, na wakaiuza hivyo kwa jina la King Katmai. Ni watu wasio na ucheshi.

Wewe mtafute kijana mwenye haraka, na bora zaidi uwatafute vijana saba, kila mmoja kwa boksi lake, ili asiwepo anayejua jumla. Huko Marekani anayefunga hujaza Fomu 337, na nakala hupelekwa FAA, Oklahoma City, ndani ya saa 48. Sauti ya "FAA" humfanya mwenye ndege aamini kwamba kuna mtu kule ameziweka fomu saba mezani na kuzitazama pamoja akikuna kidevu. Fomu ile ni kumbukumbu. Inaenda kwenye faili. Aliyetazama ni yule aliyesaini, kama alitazama. Kwetu, ndege ikiwa na namba ya 5Y ya Kenya au 5H ya Tanzania, karatasi ya Marekani hupita kwanza kwenye mamlaka ya nchi ilikosajiliwa, na mkaguzi wa hapa anaweza kuwa na lile swali la mzee mwenye miwani. Siku hiyo vaa vizuri.

Bima? Mwenye bima haulizi kitu wakati wa kupokea malipo. Maswali yake yote ameyahifadhi kwa ajili ya siku moja.

Baada ya kufunga, ndege irushwe kwa majaribio. Kanuni za Marekani zinataka rubani aijaribu kwanza bila abiria ikiwa badiliko limegusa urukaji wake. Wale wenye STC, wakati wao, walikuwa na rubani wa majaribio aliyevaa parachuti, aliyeizamisha ndege kwa kasi iliyozidi mstari mwekundu na kuivuta kwenye stoli akiwa amepinda, kushoto na kulia, kitovu cha uzito kikiwa mbele na nyuma, huku mtu akiandika. Wako wewe atazunguka uwanja mara mbili asubuhi yenye utulivu, atashuka, atajifuta mikono kwenye suruali, na kusema, "Iko sawa, bosi." Na kweli itakuwa sawa. Asubuhi yenye utulivu kila ndege ni sawa.

Sasa uko tayari. Jumamosi waite shemeji, watie watatu ndani na mizigo yao na mbuzi aliyekwisha chinjwa, na uelekee kwenye kiwanja cha nyasi chenye joto la saa nane. Mawingu ya mvua yataanza kusimama upande wa vilima vya Loita. Rubani mwangalifu, akikaribia hewa inayorukaruka namna hiyo, hupunguza mwendo mpaka chini ya kasi ya kuchezea. Nawe utataka kujua kasi hiyo sasa ni ngapi, kwa ndege hii hasa, kwa uzito huu, na kofia, na vijipezi, na ncha. Utapekua nyongeza ya kwanza. Itasema rejea kitabu cha asili. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tano ina kasi, lakini ni ya uzito mwingine.

Kitabu cha asili kiko hangani. Meza ya chai pale ina mguu mmoja mfupi, na kitabu kina unene unaotosha kabisa. Ukirudi, mwambie kijana anyanyue meza kwanza, maana kuna vikombe juu.